Soko la Mbuyuni Moshi: bei ni nzuri, ila jua kipimo kwanza

Mimi ni Mkenya, mtu wa Voi, kazi ndo imenileta Moshi na naishi Majengo. Kila mara kuna mtu wa nyumbani anahamia huku ama Arusha na swali ni lile lile, dada huko sukari ngapi, mchele ngapi, nibebe sufuria zangu ama nitapata huko huko, na mimi nimechoka kutuma voisi ndefu kwa mtu mmoja mmoja. Haya, yote haya hapa, nimeandika kama mtu anayepika kila siku na anayelipa kodi mwenyewe, sio kama mtalii wa mlimani.

Jibu la haraka ni soko la Mbuyuni. Kwa vyakula vikavu, sabuni, plastiki na vyombo vya jikoni sijaona pengine mjini hapa pa kulishinda, naipa Mbuyuni nyota nne kati ya tano bila kusita. Ile ya tano nimeizuia kwa sababu ya vipimo, na hapo ndo nataka kukaa kidogo maana wengi wetu tukifika huku tunauliza bei wakati kitu cha kuuliza ni bei ya kiasi gani.

Ngoja kwanza nimalize supamaketi maana najua ndo utakimbilia. Sisi tumezoea mwisho wa mwezi unasukuma troli, unajaza, unalipa kwa simu, umemaliza. Moshi haiendi hivyo. Nakumatt ya kwetu Kenya ilikuwepo hapa ikaondoka, Uchumi nayo ilifunga Tanzania 2015, sa hivi supamaketi za hapa ni maduka ya saizi ya kati, masafi, bei imebandikwa, hamna kelele, na mimi huwa naenda kwa vitu vichache tu kama pampasi, jibini na siku nina wageni. Lakini wateja wao wengi ni wazungu wa kupanda mlima na wale wanaokuja kujitolea, kwa hiyo chochote kilichotoka nje kimewekewa bei ya mtu aliye likizo. Kuna moja sitaitaja, nilikuta majani ya chai ya Kenya, pakti ile ile ninayoijua toka utotoni, ukigawanya bei inakaribia mara mbili ya Voi. Nikairudisha kwenye rafu taratibu.

Kugawanya kwenyewe ni kwa 20, hiyo ndo hesabu ya haraka ya shilingi ya huku kwenda ya kwetu, inapanda inashuka kidogo lakini kwa sokoni inatosha. Na uiache mapema hiyo tabia. Mtu akiwa mgeni kila kitu akigawanya anaona bei chee anatoa tu hela, kumbe mshahara wake sasa unalipwa kwa za huku. Linganisha duka na duka la hapa hapa, usilinganishe na Naivas, supamaketi ya kwetu.

Sasa Mbuyuni. Ukiingia asubuhi utakuta maduka ya nafaka yamefunguliwa magunia midomo wazi, mchele, maharage, njugu, choroko, ulezi wa uji, dagaa wana upande wao na harufu yao, halafu kuna mistari ya ndoo, mabeseni, madumu, mafagio, madekio, na nje kabisa wamama wamekaa chini na visado vyao. Kwa mgeni hivyo visado ni vile vikopo vya rangi vya lita nne. Kisado ndo kipimo cha mtaani huku kaskazini kama sisi na gorogoro, ila kisado ni kikubwa zaidi, vitano vinaingia debe moja la lita ishirini. Kwa hiyo ukitajiwa bei ya sado usishtuke ukadhani ni ya kilo.

Mama wa mchele ninayenunua kwake anakaa karibu na maduka ya mafuta. Jinsi inavyokwenda ni hivi. Unasalimia kwanza, tena sio haraka haraka.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu mchele. Huu wa Magugu huu, haugandi."

"Sado ngapi leo?"

"Elfu tisa. Wewe nakujua, leta elfu nane na mia tano."

"Na kwa kilo?"

Anacheka. "Kilo kule dukani kwenye mzani. Mimi nakujazia."

Na kweli anajaza. Kwanza anachota kwa bakuli mpaka mdomo wa kisado, halafu mkono wa kushoto anauzungusha pale juu kama ukuta, vidole vimebana ukingo, wa kulia unaendelea kumwaga katikati mpaka mchele unapanda kichuguu, akiachia mkono punje kidogo zinateleza chini kwenye turubai lake, kichuguu kinabaki. Anamimina kwenye mfuko wako, na kabla hujafunga anachota konzi moja anaongeza, "hiyo ya watoto". Mfuko huo nikaupitisha kwenye mzani wa duka la pili yake, kijana akanipimia bure tu, ukasoma kilo tatu na nusu hivi. Fanya hesabu: ni kama 2,400 kwa kilo, na mchele huo huo, kwa macho yangu na kwa meno yangu, dukani alikuwa anataka 2,800. Hapo ndo utajua sado ina faida, lakini faida yote imekaa kwenye kile kichuguu na ile konzi. Ukinunua kwa mtu anayekata kichuguu kwa kiganja ujue umenunua kwa bei ya duka, na wengine zaidi.

Halafu kuna visado vyenye kitako kilichoingia ndani. Kimepashwa moto kikasukumwa juu, kwa nje huoni kitu. Weka mkono ndani kabla hakijajazwa, utasikia kitumbo. Wauzaji wenyewe wanajua na mwaminifu hatakasirika ukishika, atakugeuzia akuoneshe. Akianza kununa, ondoka tu, Mbuyuni ni kubwa. Wakala wa Vipimo wanapiga kelele kila siku kuhusu lumbesa, yale magunia ya kujazwa kupita kiasi, na haya makopo, na ukitaka usalama kabisa nunua kwenye mzani wenye stika yao na uangalie mshale uko sifuri kabla hajaweka kitu. Mimi nakwenda na njia ya kati: maharage na mchele kwa mama wa sado ninayemjua, sukari na unga kwa mzani.

Mchele wenyewe kuna mambo. Kuna wa Magugu kule Babati, kuna wa Mbeya, wa Kahama, na kuna wa hapa hapa Moshi chini, Chekereni na Mabogini, kwenye yale mashamba ya umwagiliaji ambayo mradi wake ulijengwa na Wajapani miaka ya 80. Wa hapa ukiwa ndo umevunwa ni bei poa lakini mpya unashikana, mzuri kwa ubwabwa wa mtoto, kwa pilau utalia. Uliza wa zamani ama mpya, halafu usiamini jibu, tafuna punje mbili tatu. Ya zamani inavunjika kwa mlio, mpya inasagika. Na chota kutoka chini ya gunia sio juu, juu wanapanga wenyewe.

Maharage usiondoke Moshi bila kujaribu ya Lyamungo, mbegu zilitoka kwenye kituo cha utafiti pale pale Lyamungo upande wa Machame, yanaiva haraka na hilo ni jambo la pesa pia maana mkaa na gesi ndo vinakula mshahara. Maharage rahisi yanayochukua saa nne jikoni sio rahisi. Vitunguu vinatoka Mang'ola, vyekundu, vikavu, vinakaa. Ndizi usinunue Mbuyuni, subiri mama apite na beseni kichwani mtaani asubuhi, mshare za mtori (supu ya ndizi) unapata kichane kizuri na unamsaidia asirudi nacho mlimani.

Sukari ni habari yake. Kiwanda cha TPC kiko Arusha Chini hapo kusini ya mji, malori ya miwa unaona, kwa hiyo mtu anadhani sukari Moshi ni ya bure. Bure ya nani. Mwanzo wa 2024 mvua za El Niño zilipovuruga viwanda nchi nzima sukari ilipotea hapa kama kwingine, serikali ikaweka bei elekezi, na bei elekezi ilikuwa kwenye redio tu, dukani ukiulizia unaambiwa imeisha na ukiwa mteja wao unaitwa pembeni. Ikiwa imetulia inacheza kwenye elfu tatu kwa kilo, hapo karibu sawa na kwetu. Tunachofanya kwenye nyumba yetu ni kuchanga, wapangaji wote wa uani, tunanunua mfuko wa kilo 50 kwa bei ya jumla tunagawana kwa mzani wa mama mwenye nyumba, vile vile mafuta ya alizeti ndoo ya lita ishirini. Mafuta ya alizeti ya Singida usiyadharau, tena ukizoea yale ya kukamuliwa yenye harufu yake utaona haya ya dukani ni maji.

Vyombo. Hapa Mbuyuni na zile barabara za kuelekea Soko la Kati kuna sufuria za aina mbili, zile nyepesi zinazong'aa zinazouzwa seti na vifuniko, na zile nzito za kuyeyusha vyuma chakavu. Nyepesi bei inavutia, sufuria saba kwa seti, na ukisongea ugali mara ya kwanza kitako kinavimba halafu inacheza kwenye jiko la gesi. Ninachofanya nabana ukingo kwa vidole viwili, ukiupinda ukakubali, rudisha. Nzito ni ghali kwa moja lakini unanunua mbili tu unamaliza. Ndoo na mabeseni yapigie kofi chini, plastiki iliyorudiwa rudiwa ina mlio mkavu na rangi yake imefifia, hiyo ukiiacha juani Februari ya Moshi inapasuka. Sabuni nunua mche mzima ukatie nyumbani na uache ikauke wiki moja kabla ya kutumia, inadumu sana, hii nilifundishwa na jirani yangu Mchagga ambaye kwa bajeti hakuna mhasibu wa kumfikia.

Mfuko beba wako. Huku mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, kwetu 2017, kwa hiyo unajua mchezo, ila Mbuyuni kila muuzaji anakuuzia mfuko mbadala na mpaka umalize umetumia hela ya nyanya kwenye mifuko.

Malipo sasa, maana hapa nako kuna hela inavuja. Laini yako ya Safaricom inaweza kutuma kwa Vodacom ya huku moja kwa moja, hiyo ipo toka 2015, lakini sokoni unahitaji laini ya hapa. Maduka makubwa yana lipa namba, ile namba ya biashara ya kulipia kwa simu, iko sawa. Wamama wa sado wengi wanataka umtumie kwenye namba yake ya kawaida "na ya kutolea", yaani uongeze makato yake ya kwenda kutoa kwa wakala. Ukinunua vitu vidogo vidogo kwa watu kumi unalipa ya kutolea mara kumi. Toa keshi mara moja asubuhi, na ukiwa na keshi mkononi hata bei inapungua bila wewe kusema sana. Na mwenye nyumba ama dukani mtu akikutajia bei kwa dola, mkumbushe kuwa toka 2025 bei za ndani zinatakiwa kutajwa na kulipwa kwa shilingi ya Tanzania.

Mashuka, mapazia, mablanketi na mataulo usinunue mapya kabla hujazunguka Memorial. Hilo ni soko la mitumba, nenda asubuhi wanapofungua belo, na kwa pazia zito la kuzuia baridi ya Juni na Julai (ndio, Moshi ina baridi, watu wa Pwani mjiandae) hamna duka litakalokupa kitambaa kile kwa bei ile. Bei ya kwanza unayotajiwa igawe nusu ndo muanze kuongea. Lafudhi yetu inatuponza hapo, akisikia tu "hii ni how much" bei inapanda mlima. Kiboriloni nako, barabara ya kwenda Himo, kuna mitumba mingi na bei iko chini kidogo, lakini jua la pale na msongamano inabidi uwe na moyo. Godoro ni jipya tu tafadhali. Tanfoam ya Arusha unaipata kirahisi, saizi zinatajwa kwa futi na inchi, tano kwa sita inchi nane ndo watu wengi wanachukua, na duka nyingi za magodoro zitakuletea kwa bajaji ukikomaa kidogo.

Kuna duka moja la mtandaoni, lile la picha nzuri na muziki, bei hawaandiki, unaambiwa njoo inbox. Nilitaka rafu ya vyombo, wakasema inatoka Kariakoo inakuja na basi, nikalipa nusu, ikafika stendi imepinda mguu na wakadai ni makosa ya basi, basi nao wakadai ilipakiwa hivyo. Nauli ya mzigo nimelipa mimi. Sasa hivi kitu cha Kariakoo nakinunua kwa mtu wa Moshi aliyekileta yeye, anaongeza faida yake na ni haki yake, kikiwa kibovu namjua anapokaa.

Halafu Mangi, ndo jina la mwenye duka la mtaani huku. Nilikuja na akili kwamba duka la mtaani ni la kukosa hela ya kwenda sokoni. Fanya hesabu ya bajaji kwenda na kurudi Mbuyuni, utaona kwa kiberiti, chumvi, sabuni ya unga, maziwa na mayai ya kuhesabu Mangi wa kona yako anashinda. Na daftari lake lina thamani, tarehe 25 wewe huna kitu yeye anakuandikia mafuta robo lita bila maneno. Hakuna supamaketi itakuandikia. Ila ukimkopa lipa, mtaa wote utajua.

Desemba weka kando kabisa. Kuanzia katikati ya mwezi Wachagga wa Dar na kwingine wanarudi nyumbani kwa Krismasi, mji unajaa magari, na bei ya nyama, ndizi, mchele, hata ya bodaboda, inakwenda inakotaka. Nunua vyako vyote mwanzoni mwa mwezi halafu kaa ndani ule na uangalie.

Wengi mnaniuliza Taveta, si ni karibu tu, kwa nini usivuke ukanunue kwetu. Ni karibu kweli, Himo, Holili, unavuka kituo cha pamoja cha mpakani, bodaboda, umefika, na siku za soko Taveta, Jumatano na Jumamosi, ni raha. Lakini angalia wenzako wanabeba nini: wamama wa huku wanavusha vitunguu, mchele na ndizi kupeleka kule. Sasa wewe unaenda kununua nini ambacho kimetoka ulikotoka? Mimi napita huko nikiwa kwenye safari ya nyumbani tu, na narudi na majani ya chai ya kutosha, viungo vya pilau vya Mombasa, hayo tu. Kwa chai siwezi kubadilika, Chai Bora ni nzuri lakini mkono wangu umezoea ya Kericho.

Kwa mnaokwenda Arusha mambo ni yale yale kwa majina mengine. Nafaka na mboga Kilombero, mitumba Krokoni, na Tengeru Jumatano na Jumamosi ukitaka ndizi, parachichi na vitu vya shamba, iko barabara kuu ya kuja Moshi. Bei Arusha ziko juu kidogo kwa sababu ya safari za mbugani na mikutano, na kodi ya nyumba ndo usiseme. Sado ipo, na kitako cha kuingia ndani kipo pia.

Kuhusu cha kubeba: pasi, blenda na birika la umeme beba, soketi ni zile zile za miguu mitatu. Majani ya chai beba. Sufuria acha isipokuwa ni nzito na unaipenda. Mtungi wa gesi wa kilo 13 acha kabisa hata kama umejaa, huku mitungi ni kilo 6, 15 na 38, hakuna atakayekubadilishia, utakaa nao pale uani kuku wanalala juu yake.